Goti la Shangazi na Kahawa Iliyovunda

Jumamosi, tarehe 13 Juni. Baridi, na ukungu mzito. Jua halikuonekana mpaka saa nne asubuhi, na hata lilipotoka lilikuwa la kutazama tu, si la kuota. Nilipofungua dirisha ilinijia harufu ya maturubai mabichi. Malori yaliyosimama kwenye foleni ya kuvuka mpaka tangu jana yalikuwa yamelowa umande mpaka yanadondosha maji, na turubai likilowa hivyo lina harufu yake ya pekee, kama ya mpira na vumbi na kitu kilichofungiwa ndani kikakosa hewa. Wenzangu wa mtaa huu nadhani hawaisikii tena. Mimi kila nikiisikia narudi Isansa, kwenye vichanja vya kahawa vya baba yangu, mwaka niliokuwa darasa la nne. Nilikuwa nimepanga leo niandike habari za goti langu na mambo niliyoambiwa hospitali juzi, lakini naona siwezi kuliandika goti langu kabla sijaliandika la Shangazi Naomi. Sijui kama nitaandika vizuri. Niliishia darasa la saba, na wakati wa mambo haya nilikuwa mtoto. Ninayoyakumbuka nitasema nayakumbuka, na nisiyokuwa na hakika nayo nitasema pia.

Kwa asiyejua kahawa, nieleze kidogo. Sisi tulikuwa tunazichuma zikiwa nyekundu, tunazimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, tunaziloweka mpaka utelezi uishe, tunaziosha, halafu tunazianika kwenye vichanja vya waya vilivyotandikwa mikeka. Watu wengi hudhani kazi imeishia hapo, kumbe hapo ndipo inapoanza. Kahawa iliyoko kichanjani inadeka kama mtoto mchanga: haitaki jua la mchana likiwa kali, haitaki umande, na mvua ndiyo haitaki kabisa. Ikilowa baada ya kuanza kukauka inapata madoa. Lakini ukiifunika muda mrefu nayo inatoa jasho chini ya turubai, inaota ukungu, inavunda, na harufu ile haitoki hata uianike tena wiki nzima. Kwa hiyo mtu wa kahawa anaishi shingo ikiwa juu. Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema wahenga, lakini nyumbani kwetu dalili ya mvua ilikuwa goti.

Shangazi Naomi alikuwa dada mkubwa wa Baba. Aliolewa Msangano, bondeni kwenye joto, akakaa huko miaka mingi, na mumewe alipofariki alirudi kwetu na sanduku la bati na goti la kulia lililovimba. Goti hilo lilianza siku aliyoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akitoka shambani. Wakwe zake walisema anajisingizia ili asiingie kwenye mpunga, na mwenyewe alikuwa akituambia kwamba kilichomtoa Msangano ni neno hilo, si kifo cha mume. Alilisema akicheka. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nene, na akicheka huweka kiganja kifuani kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Jioni alikuwa anapasha moto chumvi ya Ivuna kwenye kikaango, anaifunga kwenye kitambaa, na kujikanda nayo goti polepole huku akinyonya meno. Chumba chote kilinuka chumvi na nguo iliyoungua pembeni. Mimi nililala naye chumba kimoja, na harufu hiyo kwangu ilikuwa harufu ya usingizi.

Mwaka wa kwanza aliokaa kwetu, asubuhi moja mbingu ikiwa nyeupe kabisa, alimwambia Baba, "Baba Eliza, mimi ningekuwa wewe ningefunika. Goti linavuta." Baba alimcheka, lakini kwa heshima ya dada mkubwa akafunika. Kabla ya saa sita mvua ilimwagika, na kahawa yetu ikapona wakati majirani wanakimbizana na mikeka. Tangu siku hiyo Baba akawa anaamka na swali moja: "Dada, goti linasemaje leo?" Naye anajibu, "Leo limelala, anika," au, "Limeamka na hasira, funika." Habari ikaenea. Watoto wa majirani wakawa wanakuja asubuhi, wanasimama mlangoni wakiwa na kamasi zao, wanasema, "Shikamoo bibi, tumetumwa kuuliza goti." Watu wazima walimpa jina la Mama Redio. Alijifanya hataki, akiwafukuza kwa ufagio, lakini nilimwona mara nyingi akitabasamu akigeuka. Sasa kama goti lilijua kweli, sijui. Huenda lilipata mara nyingi, huenda tulisahau yale liliyokosa. Mtu aliyekufaa siku moja, makosa yake hayahesabiwi.

Mwaka niliokuwa darasa la nne mvua za masika hazikutaka kuondoka. Mei iliisha, Juni ikaingia, na bado manyunyu yalikuwa yanachungulia. Na mwaka huohuo goti la Shangazi likaanza kuuma kila siku. Si tena siku za mawingu tu. Liliuma jua likiwaka, likauma usiku, maumivu yakapanda pajani, yakaenda goti la pili ambalo halikuwahi kuanguka popote, yakaja mpaka viwikoni. Uvimbe wenyewe ulikuwa umepungua, nakumbuka hivyo, maana aliweza tena kuvaa soksi ndefu za sufu. Baba aliuliza kama kawaida, na Shangazi akajibu ukweli kama kawaida: "Linauma." Baba akasikia: funika. Tukafunika. Mvua haikuja. Kesho yake, "Linauma sana." Tukafunika. Mimi na Mama ndio tuliokuwa tunavuta maturubai, tunafunika asubuhi, tunafunua mchana, tunafunika tena, mikono ya Mama ikapasuka kwa baridi na kamba. Hakuna aliyesema tutazame juu. Tulikuwa tumezoea kutazama goti.

Kahawa ikavunda. Si yote, magunia mawili. Baba aliyapeleka kwa baiskeli kwenye chama cha ushirika, na mkaguzi akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akanusa kiganja, akasema mbele za watu, "Mzee, hii umeilaza na turubai kama bibi harusi." Watu wakacheka. Baba akarudi na magunia yake juu ya baiskeli ileile, anaisukuma, hajapanda. Nilikuwa barabarani natoka shule na nikatembea nyuma yake. Kwa mkulima wa kule, kurudishiwa kahawa mbele za watu ni aibu ya ukoo.

Jioni hiyo Mama alilipuka. Nataka nimtendee haki Mama, maana amekwisha kufa na hawezi kujitetea humu. Alikuwa amechoka, na mikono yake ilikuwa na mipasuko ya kweli inayotoka damu, ambayo kila mtu aliweza kuiona. Alisema, "Wifi, hebu niambie. Hilo goti lako liko mguuni au liko kichwani?"

"Liko mguuni, wifi," Shangazi akamjibu. "Njoo ulishike."

"Nikilishika nitajua nini? Ni goti tu. Halina hata uvimbe."

"Basi na mimi sijui. Ningekuwa nalijua ningeliambia linyamaze."

Baba hakupenda ugomvi. Yeye alikuwa mtu wa ushahidi, na akatafuta njia aliyoiona ya haki, ambayo mpaka leo siwezi kusema ilikuwa mbaya. Aliniita, akanipa daftari jipya la mistari, akaniambia, "Eliza, wewe unajua kuandika. Wiki mbili. Kila siku andika goti limeuma au halikuuma, na mvua imenyesha au haikunyesha. Usimpendelee mtu." Shangazi alisikia. Akasema, "Vizuri, aandike. Mtoto hana upande." Hapo ndipo nilipoanza hii tabia yangu ya kuandika siku na hali ya hewa. Sikuianza kwa kupenda uandishi. Nilianza kama karani wa kesi.

Siku tisa niliandika vizuri. Kila asubuhi nilimuuliza Shangazi, naye akajibu kwa adabu kama anayejibu mwalimu: limeuma, limeuma, limeuma sana, limeuma kidogo. Upande wa mvua niliandika ndiyo mara mbili tu. Siku ya kumi, Jumatano, alikuja rafiki yake wa kanisani, mama mmoja mfupi mwenye maneno mengi, wakakaa pamoja kichanjani wakichambua kahawa mbovu. Yule mama alikuwa anasimulia jinsi kuku alivyoingia kanisani wakati wa kwaya na kwenda kusimama mbele ya sauti ya tatu. Shangazi alicheka mpaka kiganja cha kifuani hakikutosha. Halafu akainuka, akaonyesha jinsi kuku alivyotembea na jinsi wanakwaya walivyojaribu kumfukuza bila kuacha kuimba, akacheza hatua tatu, nne, akageuka. Sikumuuliza kitu siku hiyo. Niliona sina haja ya kuuliza. Niliandika: "Leo goti halikuuma. Shangazi amecheza." Nilikuwa nimeridhika sana na sentensi hiyo. Hata nukta nilizikoleza.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, Baba alilisoma daftari mbele yetu wote. Alisoma kwa sauti ya kawaida, bila kejeli, na alipofika siku ya kumi akasimama. Mama akasema, "Ehe!" Neno hilo moja tu. Baba akafunga daftari, akasema, "Dada, naona hapa hewa ya baridi haikufai. Msangano kuna joto. Litakusaidia." Kila mtu pale alijua joto halikuwa sababu. Na kila mtu alijua Msangano kulikuwa na akina nani, na walichokisema juu yake. Kumrudisha kule ilikuwa ni kuwaambia wakwe zake kwamba walikuwa na haki tangu mwanzo.

Shangazi alinigeukia mimi. "Eliza, mwanangu, siku hiyo uliniuliza?"

"Hapana, Shangazi."

"Ulionaje?"

"Ulikuwa unacheka."

"Basi ungeandika nilicheka."

Hakusema kwa ukali. Wiki iliyofuata alipanda lori lililokuwa linateremka Msangano kuchukua mpunga, ameketi mbele kwa dereva, sanduku lake nyuma. Aliishi huko. Nilimwona tena mara chache, misibani na kwenye harusi yangu, akiwa na fimbo. Tukimuuliza hali ya miguu alikuwa anajibu, "Miguu ipo," halafu anageuza maneno. Hakumwambia mtu yeyote tena kwamba linauma. Sisi tukachukulia kwamba joto limemponya. Mama alisema waziwazi, "Mnaona?" na mimi niliona.

Sasa nije kwangu. Nashona hapa Tunduma kwa cherehani ya kukanyaga miaka mingi, na mwaka wa tano huu goti langu la kushoto linauma. Lilianza kama jiwe dogo ndani. Sasa linauma hata nikiwa nimelala, na siku nyingine nyonga nayo inalia, na siku nyingine nashtuka mtoto akinigusa tu na kanga. Juzi nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mdogo kuliko mimi, ambaye aliinua picha yangu ya eksirei dirishani akasema, "Mama, goti limelika kidogo. Lakini si kiasi cha haya maumivu unayonieleza." Nikamuuliza, "Kwa hiyo nadanganya?" Kwa kweli niliuliza kwa sauti ya kugombana, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Hapana mama, tulia," akasema. "Nimesema kinachoonekana kwenye picha ni kidogo. Sijasema maumivu ni madogo." Akaketi, akanieleza taratibu, na mimi naandika kama nilivyoelewa, kosa likiwapo ni langu. Alisema goti peke yake halijui kuuma. Goti linapeleka habari, zinapita uti wa mgongo, na ubongo ndio unaoamua habari hizo ni nzito kiasi gani. Habari zikija kila siku kwa miaka, ubongo na mishipa inayozileta vinabadilika. Alifananisha na njia ya miguu porini: mkipita mara moja majani yanainuka, mkipita kila siku majani hayaoti tena, na baadaye hata mgeni asiyetumwa anapita hapohapo. Kwa hiyo kitu kidogo kinafika kama kikubwa, mguso unafika kama pigo, na maumivu yanasambaa mpaka mahali pasipo na jeraha. Akasema sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zinachangia kazi na zile za hofu, huzuni, kumbukumbu na usingizi, ndiyo maana mwenye kuumwa viungo muda mrefu hukosa usingizi na kukosa raha, na akikosa usingizi na raha anaumwa zaidi. Halafu akasema neno ambalo hata sasa, kabla ya kuliandika, nimeweka kalamu chini kwanza. Ubongo huohuo una uwezo wa kupunguza maumivu. Mtu akiwa na wenzake, akicheka, akijisikia salama, maumivu yanaweza kushuka kweli kwa muda. Hajifanyi. Yameshuka. Na mabadiliko hayo si lazima yawe ya kudumu yote, ndiyo sababu ya mazoezi ya kila siku, kidogo kidogo, ili ubongo ujifunze upya kwamba kutembea si hatari.

Nilimuuliza na habari ya mvua. Akacheka, akasema wagonjwa wengi wanamwambia hivyo, lakini wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Sikumwambia habari ya kahawa.

Kwa hiyo nilichokiona siku ile ya kumi kilikuwa kweli. Alicheza, na inawezekana goti kweli lilipumzika kidogo. Hata kwenye daftari sikuandika uongo wa makusudi. Kosa letu lilikuwa pengine: tulilifanya goti la mtu kuwa chombo cha kupimia mbingu, na lilipoacha kupima tukaliita tapeli. Hakuna aliyewahi kulichukulia kuwa ni goti tu linalomuuma mwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi tulitaka maiti atuletee pia habari za hali ya hewa. Hata hivyo najiuliza kama siandiki haya ili nijitoe kwenye lawama. Nilikuwa na miaka kumi, ni kweli. Lakini mtoto wa miaka kumi anajua kuuliza swali, na nilikuwa nimeliuliza siku tisa.

Leo saa nane mchana nikampigia simu. Anatumia simu ya mjukuu wake. Nilisikia ng'ombe kwanza, halafu sauti yake, nene bado.

"Eliza yupi? Wa Isansa?"

"Ndiye mimi. Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nauliza goti. Linauma bado?"

"Linauma," akasema. "Yote mawili, na mabega. Halijaacha hata siku moja. Kwa nini?"

Nikamweleza yote, njia ya miguu, ubongo, kucheka. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Kwa hiyo liko kichwani. Ndivyo alivyosema mama yako, Mungu amrehemu."

Sikuwa nimeliona shimo hilo. Nikasema, "Hapana Shangazi. Mama aliposema kichwani alimaanisha halipo. Huyu anasema lipo, na limekaa muda mrefu mpaka kichwa nacho kimejifunza kuumwa."

"Ahaa. Hapo sasa." Akavuta pumzi. "Siku ile ya kuku lilikuwa limelegea, mwanangu. Ndiyo maana nilicheza. Nilikuwa sijasimama bila maumivu tangu Pasaka, ningeketi nifanye nini? Baba yako yupo hai?"

Baba yupo kwangu mwezi wa pili huu, amekuja kutibiwa macho. Alikuwa uani kwenye kiti, amegeukia jua. "Yupo hapa, Shangazi."

"Mweleze na yeye."

Nilimweleza Baba vilevile, nikimsemea sikioni. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Alipomaliza kusikiliza alinyoosha mkono kuomba simu. Akaishika mbali kidogo na sikio, kama wazee wanavyoshika, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Dada."

"Naam."

"Ile kahawa niliifunika mimi. Sikutazama juu hata siku moja. Na macho yalikuwa mazima wakati ule."

"Ukanipakia kwenye lori."

"Nikakupakia."

Shangazi akasema, "Haya." Kisha akamuuliza kama Tunduma kuna baridi, akamwambia asikae uani bila koti, na akasema simu ni ya mtoto, imeanza kupata moto. Baba alinirudishia. Sijui hiyo "haya" ilikuwa msamaha au ilikuwa haya tu. Sitaiandika zaidi ya ilivyokuwa.

Tukilinganisha, mimi nina eksirei, nina dada wa mazoezi mara mbili kwa wiki, na nina maneno ya kumwambia mume wangu nikishindwa kuinuka. Shangazi alikuwa na chumvi ya moto na familia iliyomwekea karani. Goti lake na langu naona ni ugonjwa uleule, au jirani yake. Ila mimi nimeaminiwa mwaka wa tano, naye leo mchana. Nimemwomba mtaalamu, kwa ujumbe, anieleze mazoezi anayoweza kufanya mtu mzima sana akiwa ameketi, na nikijibiwa nitashuka Msangano mwenyewe kumwonyesha, kama goti langu litakubali lori.

Jioni tumekula ugali, maharage, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Baba aliomba aongezewe maharage, akala akiwa amevaa koti.